Kitabu cha Jumatatu

Dagoretti, Nairobi
11 Machi 1957

Namtanguliza Mwenyezi Mungu, aliyempulizia mwanadamu pumzi ya kwanza na anayeijua pumzi yake ya mwisho.

Kwa kaka yangu mkubwa Lusweti, na kwa shemeji yangu Namalwa, ambaye najua ndiye atakayekusomea.

Pokeeni salamu zangu za heshima. Mimi ni mzima. Mke wangu Peres ni mzima ila magoti, ambayo yanamsumbua kila wingu linapokusanyika upande wa Ngong. Binti yetu wa Kisumu amejifungua salama mtoto wa kike. Hapa mvua ndefu bado haijaanza, na vumbi la barabara linaingia mpaka ndani ya sukari. Natumaini ng'ombe wenu wamepata majani, na kwamba lile paa la upande wa jikoni, ambalo nilisikia lilichukuliwa na upepo, limerudishwa.

Najua ni miaka mingi hujaona mwandiko wangu. Sitajificha nyuma ya salamu. Nina haja.

Unajua kwamba ninafanya kazi ya dresa, mfunga vidonda, hospitalini, huku upande wa magharibi wa mji, kwenye Barabara ya Ngong. Katika wodi yetu kuna mashine ya kupumulia. Ni sanduku refu la mbao. Mgonjwa ambaye ugonjwa wa kupooza umeshika kifua chake hulazwa ndani, kichwa chake kikibaki nje, na shingo huzungushiwa mpira ili hewa isipenye. Kando ya sanduku kuna mvukuto wa ngozi. Unapovuta, kifua cha mgonjwa kinapanda; unapoachia, kinashuka. Kwa kawaida huvutwa na stima, lakini una mkono wa mti pia, ili stima ikikatika mtu aweze kusukuma. Wazungu walituachia sanduku hilo walipopata jipya la chuma.

Mwaka jana aliletwa kijana mmoja, Dalmas, mpakiaji mizigo wa reli. Tulimlaza ndani, tukawasha stima, na mashine haikushika hewa. Alikufa macho yake yakinitazama. Kitabu cha ukaguzi kilikuwa kimeandikwa kila Jumatatu, mwaka mzima, kwa mwandiko mzuri: "Imekaguliwa. Iko tayari." Hakuna aliyekuwa ameifungua. Mimi mwenyewe, kaka, ndiye niliyekuwa nikipanga mablanketi juu yake, kwa sababu ilikuwa mahali pazuri pa kuweka mablanketi.

Nilimwendea metroni, mkuu wa wauguzi, nikamwomba ufunguo wa chumba kile na kitabu kile. Alinipa. Kila Jumatatu nafungua sanduku, natazama mpira, nawasha stima, nasukuma kwa mkono dakika kumi, nasoma mshale wa kipimo. Na kila Jumatatu tangu Septemba naandika: "Haiko tayari." Ngozi ya mvukuto imepasuka kwenye mikunjo. Waliotengeneza mashine wamejibu kutoka Uingereza kwamba mivukuto ya namna hiyo hawaiuzi tena. Nimetembea Bazaa yote mjini, nimekwenda kwa fundi viatu Mhindi kule Westlands; ngozi zao ni za soli, zinakataa kukunjika.

Mwenzangu wa kazi, Mkamba aitwaye Kisilu, ananicheka. "Mzee, hii jeneza yako imeamka leo?" Nikimjibu kwamba haijaamka ananiambia, "Basi andika iko tayari, twende tunywe chai. Nani atafungua?" Lakini sisi wa kanisa la Marafiki hatuapi, na mtu asiyeapa hana budi kila analoandika liwe kweli.

Tarehe mosi Julai anakuja mkaguzi. Mashine isiposhika hewa siku hiyo itavunjwa, na mbao zake zitakuwa rafu za stoo. Atakayefuata baada ya Dalmas hatakuta hata sanduku.

Katika nchi hii yote naijua mikono miwili tu inayoweza kushona ngozi ikashika upepo. Ni mikono yako. Nakuomba.

Mungu awaweke.
Ndugu yako mdogo, Zedekiah

&nbsp;

Lugulu
22 Aprili 1957

Kwa Zedekiah,

Haya ni maneno ya kaka yako. Mimi Namalwa ni kalamu tu, na pale ambapo kalamu itasema yenyewe, nitakuambia.

Kaka yako anakusalimu. Anasema ng'ombe wapo sita, mmoja ana mimba. Anasema paa lilirudishwa zamani. Anasema mahindi yameota vizuri isipokuwa upande wa mtoni, ambako fuko wamekula mstari mzima kama watu waliopewa shamba. Anafurahi kwa ajili ya mtoto wa Kisumu na anauliza amepewa jina gani, kwa maana hukuandika.

Anasema barua yako ilifika siku ya soko.

Anauliza maneno matatu. La kwanza: hicho kitu kinavuta pumzi mara ngapi kabla mtu hajahesabu hadi sitini? La pili: mdomo wa mvukuto ni wa duara au wa pembe? La tatu: atakayesukuma ni mtu wa namna gani, mrefu au mfupi, mwanamume au mwanamke, mwenye nguvu au mchovu?

Anasema hajakubali. Anauliza tu.

Anasema lipo neno la nne, ambalo wewe hukuligusa, naye haligusi.

Wasalimie wa nyumbani kwako.

Sasa ni kalamu yenyewe, shemeji. Nilipofika kwenye neno "mvukuto" mzee wangu alisimama akaenda kukamua ng'ombe ambao walikuwa wamekwisha kukamuliwa. Barua yako ikakaa chini ya kopo la ugoro wiki tano. Kila siku alikuwa analiinua kopo, anatazama, analirudisha. Jana ndipo aliponiambia, "Leta wino." Kwa hiyo jibu maswali yake upesi, na usimwandikie mahubiri. Magoti ya Peres yakandwe kwa majani ya mbarika yaliyopashwa moto.

Namalwa

&nbsp;

Dagoretti, Nairobi
6 Mei 1957

Bwana wa majira na atukuzwe, kwa kuwa barua yenu imefika.

Kaka yangu Lusweti, na shemeji yangu Namalwa,

Nawasalimu nyote. Mtoto wa Kisumu ameitwa Naliaka, kwa jina la mama yetu. Samahani kwamba sikuandika. Peres amekandwa kwa majani ya mbarika na jana alitembea hadi dukani pale Dagoretti Corner akarudi bila fimbo. Anasema shemeji yake angekuwa daktari.

Kwa swali la kwanza: mara kumi na sita. Kwa la pili: mdomo ni wa duara, upana wake kama sinia la chai, na nimekata karatasi ya kaki kwa kipimo chenyewe, pamoja na alama za mikunjo. Imo ndani ya bahasha hii.

Kwa swali la tatu nilikaa muda mrefu. Kaka, atakayesukuma ni yeyote atakayekuwapo. Anaweza kuwa mimi, mwenye miaka hamsini na minane. Anaweza kuwa Kisilu, aliye mrefu kama mlingoti. Anaweza kuwa mwuguzi msichana mwenye mikono myembamba, au mume wa mgonjwa ambaye miguu yake inatetemeka. Tena huenda akasukuma tangu asubuhi hadi jioni. Ngozi iwe nyepesi.

Jumatatu hii Kisilu alinikuta nimepiga magoti kando ya mashine nikipima kwa kamba. Akasema, "Sasa mzee unaisomea sala za mazishi?" Nikamwambia kaka yangu ni mhunzi, baba yetu alikuwa mhunzi, na babu yetu pia, kwamba nimezaliwa nikisikia mvukuto kabla ya kusikia jogoo. Akasema, "Na miaka yote hii hujawahi kumtaja?" Nikashika kamba yangu tena.

Nimeandika tena "Haiko tayari." Zimebaki Jumatatu saba kabla ya mkaguzi.

Kuhusu neno la nne: liko kwenye ncha ya kalamu yangu, nami nalirudisha katika wino. Nivumilie.

Mungu awape mvua ya kutosha.
Zedekiah

&nbsp;

Lugulu
3 Juni 1957

Kwa Zedekiah,

Maneno ya kaka yako, kwa mkono wa Namalwa.

Anakusalimu. Ng'ombe amezaa dume. Jina Naliaka limempendeza, ingawa amesema tu, "Vema," akakohoa.

Katika kifurushi hiki kuna mvukuto mmoja. Ni ngozi ya beberu mweusi wa miaka mitatu, isiyo na kovu la mwiba wala la kupe. Ameshona kwa mshipa wa ng'ombe, akaziba mshono kwa nta ya nyuki. Ameifikicha kwa mikono na siagi siku kumi na nane. Anasema uivute mara moja tu utajua.

Anasema, na anataka niandike kwa herufi kubwa: CHAKULA CHAKE NI MAFUTA. Maji yasiiguse. Sabuni isiiguse. Ikikauka, ipake siagi isiyo na chumvi, uikunje na kuikunjua. Kitu cha ngozi kikikaa bila kuguswa hufa hata kama hakijatumika.

Anasema amefanya kazi hii kwa ajili ya kijana wa reli.

Kalamu yenyewe: banda la uhunzi halikuwashwa moto tangu Krismasi, maana siku hizi watu wananunua majembe ya dukani yenye chapa. Kwa ajili yako aliuwasha. Alipoishusha ngozi kutoka kwenye vigingi alifanya kama baba yenu alivyokuwa akifanya, aliiinamia akaisemesha. Sikusikia alilosema na sikuuliza. Nakuambia kwa sababu nimefurahi. Siku nyingi sikumsikia akisemesha kitu chochote ndani ya banda lile.

Namalwa

&nbsp;

Dagoretti, Nairobi
12 Juni 1957

Mungu ajuaye siri za mioyo na anihurumie ninapoandika haya.

Kaka yangu mkubwa Lusweti. Shemeji Namalwa, nakuomba usome yote, usiruke neno kwa ajili ya kunistahi.

Tu wazima. Leo habari za nyumbani ni hizo tu.

Mvukuto wako ulifika Ijumaa. Niliufungua mezani. Niliuvuta mara moja, na ukapumua, kaka, kama mtoto aliyelala. Peres alipiga makofi. Kisha harufu ya moshi wa banda letu ikajaa chumba, na nikakumbuka alichoandika shemeji, kwamba uliisemesha ngozi kama baba alivyokuwa akifanya.

Nikaingiwa na hofu. Nilijiambia kwamba nimekuwa mzee wa kanisa miaka ishirini na mbili, na kwamba siwezi kukifunga kitu chenye maneno ya mizimu juu ya kifua cha mgonjwa. Nilikuwa na onyo lako mbele yangu kwa herufi kubwa. Nikachukua sabuni ya magadi na maji ya moto, nikaiosha ngozi mara tatu huku nikiomba. Nikaianika juani.

Jumamosi jioni ilikuwa ngumu kama ubao. Jumapili niliipaka siagi kwa kuchelewa. Jumatatu niliifunga kwenye mashine, na katika kuvuta kwa tatu ikapasuka mikunjo yote miwili ya katikati. Kisilu alikuwapo. Hakucheka. Alisema tu, "Mzee, umefanya nini?" na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko.

Niliandika kitabuni: "Haiko tayari. Kosa ni la mtunzaji."

Sasa nitalisema neno la nne, kwa kuwa mtu aliyeharibu mara mbili hana tena uso wa kuuficha.

Mwaka ule wa nzige nilitoka misheni nikiwa na kola nyeupe na moyo mkavu. Nilikuja bandani asubuhi, baba akiwa amelala kaburini miezi miwili tu, nawe ukiwa mtoni. Nilimwaga pombe ya wazee. Kisha nikachukua kisu chako mwenyewe, nikautoboa mvukuto wa baba, nikaupasua kutoka mdomoni hadi chini. Jumapili nikasimama kanisani nikalisema jambo hilo kama ushindi, nikakutaja kwa jina kuwa mtu wa giza, na watu wakaimba. Wewe hukuja kunipiga. Hukuja kusema lolote. Kwa miaka ishirini na sita nimeuita unyamazaji wako ugumu wa moyo.

Siku ile nilipokuwa nikiosha ngozi ile niliona mikono yangu, na ilikuwa mikono ile ile ya mwaka wa nzige.

Siombi mvukuto mwingine. Siku hazitoshi, na sistahili. Naomba msamaha tu, nao ningepaswa kuuomba kabla sijataja mashine, na hata kama kusingekuwa na mashine yoyote duniani.

Ndugu yako aliyekosa, Zedekiah

&nbsp;

Lugulu
19 Juni 1957

Kwa Zedekiah,

Maneno ya kaka yako. Namalwa anaandika yote, kama ulivyoomba yasomwe yote.

Anasema: mpumbavu wewe.

Anasema: sabuni ya magadi! Hata mtoto anayechunga mbuzi angekataa.

Ameinuka hapa. Amekwenda nje. Amerudi.

Anasema: ulitaka kujua nilichoiambia ngozi. Ungeuliza. Barua inakwenda na kurudi kwa siku sita, ungeuliza. Baba hakuwahi kusemesha mizimu kwenye ngozi. Alikuwa akitaja jina la mtu atakayekitumia kifaa, mara tatu, ili yeye mwenyewe fundi asisahau anamfanyia nani kazi na asishone kwa uvivu. Nilitaja jina lako. Ndilo uliloosha.

Anasema: mvukuto wa baba niliushona jioni ile ile uliyoupasua. Sikuutumia tena, nilijitengenezea mwingine. Lakini kila mwezi unapoandama naushusha kwenye boriti ya paa, naupaka siagi, naukunja, naukunjua, naurudisha. Miezi yote ya miaka yote hiyo. Namalwa alidhani nimerogwa. Sikuwa nautunza kwa ajili yako. Sikujua nautunza kwa ajili ya nani. Mvukuto usio tayari si mvukuto.

Anasema: nimeukata kwa kipimo cha karatasi yako. Kovu limeangukia kwenye mkunjo wa pili. Nimeliwekea kiraka ndani na nta juu. Ngozi ni kuukuu lakini laini kuliko ya yule beberu. Nimempa mkononi mlinzi wa gari la moshi pale Bungoma, mtu wa ukoo wetu. Utaupokea kwake stesheni ya Nairobi Jumamosi tarehe ishirini na mbili.

Anasema: ukiuosha huu, nitapanda gari la moshi nije nikuoshe wewe.

Kuhusu lile unaloliomba mwishoni mwa barua yako, anasema mvukuto uko njiani.

Kalamu yenyewe, shemeji: anacheka peke yake bandani. Nimesimama mlangoni namsikia. "Sabuni," anasema, kisha anacheka tena.

Namalwa

&nbsp;

Dagoretti, Nairobi
29 Julai 1957

Utukufu una Mungu, atoaye pumzi na kuirejesha, ambaye ameniruhusu kuishi hadi siku ya kuandika barua hii!

Kwa kaka yangu mkubwa Lusweti, mhunzi mwana wa mhunzi, na kwa shemeji yangu Namalwa, kalamu isiyoogopa.

Salamu nyingi sana. Peres anawasalimu kwa magoti yake yote mawili. Mtoto Naliaka ameota jino. Mvua ya baridi inanyesha nyembamba kama unga, na huko Lavington, ninapopita kwa miguu, watunza bustani wamevaa makoti ya mabwana wao ya zamani.

Sasa tulieni, niwaeleze kwa utaratibu.

Nilikwenda stesheni Jumamosi ile saa moja kabla ya gari la moshi. Mlinzi alinikabidhi kifurushi akasema, "Nimeambiwa nikuulize kama una sabuni mfukoni." Watu waligeuka. Nilicheka mbele yao wote, mimi ambaye sijacheka stesheni tangu nizaliwe.

Sikuufungua nyumbani. Nilikwenda nao moja kwa moja hospitalini. Nililiona kovu, kaka. Nililipitishia kidole toka mwanzo hadi mwisho, mishono midogo, iliyokaribiana, ya mtu aliyekuwa na hasira na bado hakushona kwa hasira. Jumatatu niliufunga. Mshale ulipanda ukasimama. Nilisukuma kwa mkono dakika kumi, kisha ishirini, na haukutetereka. Lakini sikuandika kwamba iko tayari. Nilitaka ipite wiki nzima kwanza.

Tarehe mosi Julai mkaguzi akaja. Mtu mfupi, mwenye haraka. Alikuwa ameshaandika nusu ya ripoti yake ndani ya gari. Alilitazama kovu akauliza, "Hiki nini?" Nikamwambia, "Bwana, hapo ndipo penye nguvu zaidi." Akasema kipimo peke yake hakimtoshi, anataka kuona kifua cha mtu kikipanda. Kisilu akavua viatu. "Mimi ndio nimeiita jeneza," akasema, "wacha niingie." Akajilaza ndani, urefu wote ule, miguu ikigusa mwisho. Nikafunga mpira shingoni. Nikawasha. Mkaguzi akamwamuru aache kupumua mwenyewe, ajilegeze, na kifua cha Kisilu kikapanda, kikashuka, kikapanda. Macho yake yalikuwa makubwa kama ya ng'ombe. Alipotoka alisema, "Mzee, inakupumulia kama mama." Hajaiita jeneza tena hadi leo.

Mkaguzi alichana karatasi aliyokuwa ameiandika garini. Mbele yake nilifungua kitabu na kuandika maneno ambayo sikuwa nimewahi kuyaandika: "Imekaguliwa. Iko tayari."

Hilo lingetosha kunifurahisha mwaka mzima. Sikilizeni.

Jumanne iliyofuata, tarehe tisa, saa tatu asubuhi, aliletwa mwanamke kijana, Wanjugu, kwa mkokoteni wa mkaa. Mume wake Muchiri ana kibanda cha kinyozi pale Dagoretti Corner. Alikuwa ameusukuma mkokoteni mwenyewe, akikimbia, wembe ukiwa bado mfukoni. Miguu ya Wanjugu ilikuwa imelegea tangu jana yake. Sasa midomo yake ilikuwa ya kijivu, na alikuwa anavuta hewa kwa mabega, kama mtu anayeinua ndoo. Niliyajua macho yale. Yalikuwa macho ya Dalmas.

Tangu alipovuka mlango hadi mashine kumpumulia hazikupita dakika nne. Hakukuwa na blanketi la kuondoa. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu. Mpira ulikuwa laini. Midomo yake ilirudi rangi tukimtazama, na Muchiri akaketi sakafuni kama gunia.

Siku ya pili, saa mbili asubuhi, stima ikakatika mtaa mzima. Nilishika mkono wa mti. Kumi na sita, kaka, kumi na sita, kumi na sita. Nilipochoka alishika Kisilu, kisha mwuguzi Waceke, ambaye mikono yake ni myembamba kama nilivyokuandikia, naye akasukuma nusu saa bila kuhema. Kisha Muchiri. Alipoushika mkono ule miguu yake iliacha kutetemeka. Tulizunguka hivyo hadi saa nane mchana. Wanjugu aliweza kusema neno moja moja, mashine inapoachia. Zamu yangu ya tatu akanitazama akasema, "Mzee... unasukuma... kama... unaomba." Nikamwambia ndiyo, binti yangu, ndivyo. Akasema, "Basi... omba... haraka kidogo." Kisilu alicheka mpaka akashika ukuta.

Nilisikia mvukuto wa baba, Lusweti. Kwa muda wa saa sita nilisikiliza mlio ule ule niliozaliwa nikiusikia, na kovu likikunjuka na kukunjika kwenye mkunjo wa pili, bila kutoa hata uzi wa hewa. Pale ndipo nilipojua kwamba jibu la ombi langu lilikuwa limefika na mlinzi wa gari la moshi, nami nimelisaini stesheni bila kulisoma.

Siku ya kumi na moja daktari alimtoa robo saa, akapumua mwenyewe. Siku ya kumi na tano, saa mbili nzima. Jana, Jumapili, amelala kitandani siku ya tatu bila mashine, na amegombana na Waceke kwa sababu uji ni mwepesi. Mguu mmoja bado ni mzito. Daktari anasema atatembea kwa fimbo, na Muchiri anasema atamchongea ya mzeituni. Amekataa kabisa kumnyoa Kisilu kwa pesa.

Jana hiyo hiyo nilisimama katika mkutano wetu wa Jumapili. Niliwaambia Marafiki, watu mia na zaidi, kile nilichofanya mwaka wa nzige, na kwamba nilikisema kama ushindi wakati kilikuwa aibu. Nikakutaja kwa jina, Lusweti, kama nilivyokutaja zamani, lakini safari hii nikasema ukweli: kwamba mtu niliyemwita wa giza alikaa miaka ishirini na sita akikiweka tayari kitu nilichokiharibu mimi, bila kujua saa wala mtu, na kwamba Wanjugu mke wa Muchiri anapumua kwa ajili hiyo. Hakuna aliyeimba. Kisha mzee mmoja akauliza kama unaweza kutengeneza mwingine wa akiba. Nimesema nitauliza.

Basi nauliza. Na safari hii nauliza pia utakuja lini uuone kwa macho yako. Kisilu anataka kukushika mkono. Nami nataka zaidi.

Leo ni Jumatatu. Nimefungua sanduku, nimetazama mpira, nimewasha, nimesukuma dakika kumi. Nimeupaka mvukuto siagi isiyo na chumvi, nikaukunja, nikaukunjua. Nimefanya pia kama baba. Jina la mgonjwa ajaye silijui, analijua Mungu. Kwa hiyo nilitaja la fundi, mara tatu, na chumba kizima kikasikia.

Kitabuni nimeandika: "Iko tayari."

Mungu wa baba yetu na wa mama yetu aibariki mikono yako, kaka, na kalamu ya mke wako. Aubariki moto wa banda lako usizimike, na ng'ombe dume aliyezaliwa, na mahindi ya upande wa mtoni. Kila asomaye au kusomewa barua hii, yeye na walio chini ya paa lake, Mungu amjalie pumzi ndefu, na siku ya shida yake amkutanishe na watu waliojiandaa kabla hajabisha. Amina.

Ndugu yako mdogo,
Zedekiah